Uzamili wa Fizikia: Wengi Hatushindwi Mlangoni, Twashindwa Njiani



Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo mtu akilisikia kwa haraka anaweza kusema haliwahusu watoto wa madrasa. Nalo ni ushindani wa kupata nafasi ya kusoma fizikia katika shahada ya uzamili na ile ya uzamivu. Linatuhusu sana. Miongoni mwenu wapo wanaosoma tahasusi za PCM na PGM katika shule za Mbeya na Iringa. Wapo kaka na dada zenu walioko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), na wengine wako Mkwawa kule Iringa wakisomea ualimu wa sayansi. Hao wote hufika mahali wakauliza swali moja: nikitaka kuendelea na fizikia mpaka mwisho, nafasi zipo? Na wanaochagua, wanachagua vipi?

Maoni yetu, ambayo tutayatetea hapa, ni kwamba nafasi hizo ni chache kweli, lakini uchache huo sio unaowaangusha vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini. Wengi huanguka kabla hata hawajapanga foleni, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mapema njia ilivyo. Jambo hili linaweza kurekebishwa, na linaweza kurekebishwa na sisi wenyewe.

KIJANA WA MKWAWA

Tuanze na habari ya mwanafunzi aliyesoma hapa hapa kwetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba mkoani Tanga, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ndogo, naye akachelea kuikosa, akayaweka yakiwa bado ya moto. Baadaye akakuta yake yameganda, ilhali ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha bado ni majimaji. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali lake. Aliwasikia watengenezaji wa aiskrimu wa Tanga wakisema kwamba wao huweka maziwa ya moto makusudi ili yawahi kuganda. Alipofaulu kwenda Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano na cha sita, akauliza tena. Safari hii alichekwa, na ikawa kila akikosea hesabu wenzake wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Akaingia maabara mwenyewe akajaribu kwa maji, akaona jambo lile lile. Kisha siku moja akaja Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza mbele ya wenzake: ukichukua maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kwa kiasi sawa, ukayaweka kwenye jokofu, kwa nini yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda?

Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Tangu hapo jambo hilo huitwa athari ya Mpemba duniani kote.

Sasa sikilizeni lililofuata. Makala ilipotoka, Mpemba alikuwa tayari yuko Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, na kazi ya maliasili ndiyo aliyoifanya maishani. Ni kazi ya heshima, na nchi ilifaidika naye. Lakini fizikia yenye jina lake iliendelea bila yeye. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima maji kwa uangalifu wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kuthibitisha jambo hilo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Canada, wakachapisha katika jarida la Nature jaribio la chembe ndogo sana ndani ya maji lililoonyesha kupoa kwa namna hiyo. Kumar alikuwa mwanafunzi wa uzamivu. Maana yake, swali lililochekwa Iringa limewapa wanafunzi wa ng'ambo mada za shahada ya juu kabisa.

Tunalieleza hili ili muone kwamba akili ya fizikia haikuwa haba katika nyanda hizi. Kinachotakiwa ni ngazi, na mtu wa kuionyesha.

USHINDANI UKO WAPI HASA?

Wengi hudhani ushindani ni mmoja. La hasha, uko wa aina mbili, na kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza ni wa hapa nchini. Vyuo vyetu vingi hupokea kwa uzamili mtu mwenye shahada ya kwanza ya daraja la pili la chini, yaani wastani wa kuanzia 2.7 katika kipimo cha 5. Kwa kiwango hicho barua ya kukubaliwa si muujiza. Ugumu uko kwenye fedha. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, kwa sehemu kubwa huhudumia shahada ya kwanza. Njia iliyozoeleka ya kusoma uzamili bila kujilipia ni kuajiriwa kwanza na chuo kikuu kama mkufunzi msaidizi, kisha chuo kikusomeshe. Hapo ndipo mlango unapobana, kwa sababu muundo wa utumishi wa vyuo vikuu vya umma unataka wastani usiopungua 3.8.

Tuifanye hesabu yake. Katika kipimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Tuchukulie shahada ya miaka mitatu ambayo kila mwaka una uzito sawa. Mwanafunzi aliyeumaliza mwaka wa kwanza kwa wastani wa 3.0 atalazimika kupata wastani wa 4.2 katika miaka miwili iliyobaki ili afikishe 3.8. Yaani B+ karibu kila somo, na A juu yake, katika miaka ambayo masomo yanazidi kuwa magumu. Anayesema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, basi mazingira hayo atayalipia mwaka wa tatu. Na hili hakuna anayemwambia kijana anapopanda basi kutoka Mbeya kwenda chuo.

Ushindani wa pili ni wa nje ya nchi. Marekani, idara nyingi za fizikia na za fizikia tumizi humchukua mwanafunzi moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza kwenda uzamivu, na kwa kawaida humsamehe ada na kumlipa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Kwa kuwa kila anayepokelewa analipwa, idara haiwezi kuchukua zaidi ya fedha iliyo nayo, na fedha za utafiti zikipungua, viti navyo hupungua. Anayeomba anashindana na kijana wa Beijing, wa Tehran na wa Delhi. Ulaya mambo ni tofauti: uzamili wa miaka miwili huja kwanza. Ujerumani vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi ada, lakini utatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu. Afrika Kusini wana mwaka mmoja wa shahada ya heshima kabla ya uzamili.

Ipo pia milango ambayo vijana wetu wengi hawajaisikia. Kituo cha ICTP kilichoko Trieste, Italia, kilianzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, na tangu mwaka 1991 kina stashahada ya mwaka mmoja, yenye ufadhili kamili, kwa wanaojiandaa kwenda uzamivu. Karibu zaidi na sisi, mjini Kigali, kuna taasisi dada iitwayo EAIFR, iliyofunguliwa mwaka 2018 chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayofundisha uzamili na uzamivu wa fizikia kwa vijana wa Afrika. Kigali hiyo hiyo kuna AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati, ambayo kituo chake cha kwanza kilianza Afrika Kusini mwaka 2003. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 2011. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu nayo imekuwa na mpango wa ufadhili tangu mwaka 1983 unaowafikia hata Waislamu wa nchi zisizo wanachama. Kila mlango una masharti yake, na masharti hubadilika. Kwa hiyo soma ya mwaka unaoomba, usitegemee ya mwaka jana wala ya kusimuliwa.

WANAOCHAGUA WANATAZAMA NINI?

Hapa ndipo vijana wetu wenye maksi nzuri hupigwa na butwaa. Mtu ana wastani wa 4.0, anaomba vyuo vitano, anakataliwa vyote. Anasema ni bahati, au ni upendeleo. Mara nyingi sababu ni kwamba maksi ni tiketi ya kuingia uwanjani tu, na wote waliomo uwanjani wanayo.

Wanaochagua hutazama kwanza umesoma nini: hisabati imefika wapi, umegusa fizikia ya kwanta na ya sumakuumeme kwa kina gani. Hutazama kama umewahi kufanya utafiti, hata mdogo, ukaumaliza na kuuandika. Kisha husoma barua, mara nyingi tatu, za walimu wanaokujua. Barua inayosema tu kwamba kijana huyu alihudhuria vipindi na kupata B+ haina uzito, kwa maana hayo yameshaandikwa kwenye matokeo. Barua yenye uzito ni ya mwalimu anayeweza kusimulia: alikuja na swali hili, nikamwambia haiwezekani, akarudi na vipimo.

Mnaona sasa kwa nini tulianza na Mpemba? Alichokuwa nacho akiwa kidato cha tatu ndicho hicho hicho kamati za udahili zinachokitafuta. Swali lake mwenyewe, ukaidi wa kulifuatilia, na baadaye mtu mzima mwenye elimu aliyekuwa tayari kuweka jina lake karibu na la kwake.

Kuna na mambo ya utaratibu. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na mapema Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba inayofuata. Kwa hiyo maandalizi huanza mwaka mzima kabla. Mtihani wa GRE wa fizikia, ambao alama zake ni kati ya 200 na 990, uliwahi kuwa sharti karibu kila mahali. Tangu mwaka 2020 idara nyingi zimeufanya wa hiari au zimeuondoa kabisa, basi usitumie fedha za mzazi kabla ya kujua kama unahitajika. Ada ya maombi nayo inaweza kusamehewa katika vyuo kadhaa, lakini sharti uombe. Na uandike wazi kwamba wastani wako ni katika 5. Ukiandika 3.8 bila maelezo, umemwachia msomaji wa mbali akisie.

JE, FIZIKIA HAINA KAZI?

Wazazi wetu wana hoja, nasi hatuidharau. Husema: mwanangu asome udaktari au uhasibu, fizikia ataila? Tunawajibu kwa mifano ya hapa hapa.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Mbeya aliyehitaji tiba ya mionzi amekuwa akisafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali ikinunua mashine ya mionzi haiendeshwi na daktari peke yake. Lazima awepo mwanafizikia wa tiba, anayekokotoa kiasi cha mionzi na kuhakikisha mashine inapiga panapotakiwa bila kuunguza pengine. Mtu huyo hapatikani kwa shahada ya kwanza tu. Katika wilaya ya Rungwe, eneo la Ziwa Ngozi na Kiejo-Mbaka, wataalamu wamekuwa wakipima jotoardhi ili siku moja lizalishe umeme. Kupima kilicho chini ya ardhi bila kukifukua ni fizikia tumizi. Iringa tuna bwawa la Mtera na mitambo ya Kihansi, na maji yake yanahitaji watu wa kuyapima na kuyakadiria. Kazi hizi zitafanywa na watu. Suala ni kama watakuwa watoto wetu au wageni wa kuajiriwa kwa mkataba.

Wengine husema hayo ni ya watoto wa shule kubwa, siyo ya watoto wa madrasa. Hawa tunawakumbusha kwamba Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra katika karne ya 10, aliandika kitabu cha mwanga na kuona, Kitab al-Manazir, akithibitisha kwa majaribio. Lakini tusiishie kujisifu. Kumtaja Ibn al-Haytham hakujampa mtu barua ya udahili hata siku moja. Kinachofaa ni kufanya alichofanya: kupima.

TUFANYE NINI?

Kwanza, walioko kidato cha pili na cha tatu. Kwa miaka mingi mwanafunzi akifika kidato cha tatu ameruhusiwa kuacha fizikia, na wengi huiacha kwa kuwa mwalimu hayupo au kwa kuwa rafiki ameiacha. Mkumbuke kwamba siku hiyo ndiyo siku ya kwanza ya ushindani tunaouzungumzia. Anayeiacha hapo hatarudi tena. Tunawasihi hasa mabinti na wazazi wao, maana kwao kuacha huku hupita kimya bila mtu kuuliza.

Pili, walioko kidato cha tano na cha sita. Msifanye majaribio kwa kukariri majibu ya mwaka uliopita. Ukipata namba isiyolingana na kitabu, usiifute, itafutie sababu. Na maswali yako karibu. Kimondo cha Mbozi, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, watu huenda kupiga picha wakarudi. Ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Je, unajua mtu alijuaje? Hilo ni swali la fizikia.

Tatu, walioko vyuoni. Mwaka wa kwanza una uzito sawa na wa mwisho. Mwaka wa pili mfuate mhadhiri mmoja umwombe kazi ya utafiti, hata kama ni kuosha vyombo vya maabara na kunakili vipimo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jifunze na kuandika programu za kompyuta, kwani fizikia ya sasa haiendi bila hizo. Walioko Mkwawa wasijione kwamba ualimu umewafungia njia. Mwalimu wa fizikia mwenye matokeo mazuri na utafiti mdogo uliokamilika anaweza kuomba kama wengine, akijaziliza hisabati iliyopungua.

Nne, sisi wa madrasa. Tunapendekeza kila mwaka, wakati wa likizo ya Desemba, waalikwe wanafunzi wetu walioko vyuoni waje siku moja wakae na wadogo zao. Waje na matokeo yao, na barua zao za kukubaliwa na za kukataliwa, waeleze waziwazi. Jambo hili halihitaji bajeti, linahitaji mkeka na chai. Na tunawaomba walimu wetu, mtoto akiuliza swali la ajabu, wasiwe wepesi wa kumwambia amechanganyikiwa.

Hatuwaahidi kwamba kila atakayefuata haya atapata nafasi. Wengi hukosa hata wakijiandaa vizuri, na aliyekosa baada ya kujiandaa hutoka na hisabati, kompyuta na mazoea ya kupima, mambo ambayo yatamfaa popote atakapokwenda. Tusichokubali ni kijana wa Mbeya au Iringa kukosa kwa sababu hakujua kwamba foleni ipo, wala inaanzia wapi. Sasa mmeambiwa, nanyi waambieni walio nyuma yenu.